Kabla hujamlipa mtu akuandikie ukurasa wa kampuni Wikipedia

Mkuu, umesema kijana uliyempata mtandaoni anataka laki tisa aiandikie kampuni yenu ya sola ukurasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza, na amekuhakikishia kwamba hautafutwa. Usimlipe. Ahadi hiyo peke yake inatosha kumkataa, maana kwenye Wikipedia mtu yeyote anaweza kuupendekeza ukurasa ufutwe, leo au miaka mitano ijayo, na wanaoamua ni watu wa kujitolea ambao huyo kijana hawajui.

Nakwambia kwa uchungu kwa sababu niliwahi kulipia ahadi hiyohiyo. Mwaka 2018 nilikuwa kitengo cha masoko kwenye kampuni ya malori hapa Dar. Mkurugenzi alitoka kwenye kikao na wawekezaji akiwa na agizo moja tu: na sisi tuwe Wikipedia. Nikatafuta mtu kwenye mtandao wa vibarua, nikakuta mmoja ana nyota tano na sifa kibao. Nikatanguliza nusu. Siku ya nne ukurasa ukawa hewani, nikammalizia.

Mkurugenzi akauliza mbona Google haiuonyeshi. Sikujua wakati ule kwamba ukurasa mpya kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa kawaida hufichwa kwa injini za utafutaji mpaka uhakikiwe, au zipite siku 90. Wetu haukufika huko. Wiki ya tatu ulifutwa bila hata mjadala, sababu iliyoandikwa ikiwa ni tangazo la biashara. Na kweli lilikuwa tangazo: "kampuni inayoongoza", "huduma za viwango vya kimataifa", maneno tuliyompa sisi wenyewe. Akaunti iliyouandika nayo ilifungiwa, kwa kuwa ilikuwa mojawapo ya akaunti nyingi za mtu mmoja. Yule bwana hakujibu tena. Kilichoniumiza kuliko hela ni kwamba kumbukumbu ya kufutwa inabaki wazi. Kila aliyefungua jina lile wakati ule aliona tarehe na sababu.

Siku chache baadaye ikaja barua pepe ya mtu anayejiita mkabidhi wa Wikipedia, yaani mhariri wa kujitolea aliyepewa mamlaka ya kufuta na kurudisha kurasa, anataka dola aurudishe ukurasa na kuulinda kila mwezi. Nilikuwa tayari nimeandika ombi la malipo. Mwenzangu wa IT ndiye aliyenionyesha kesi ya Agosti 2015: Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 na kufuta makala 210 kwa mchezo wa namna hiyo. Walivizia kampuni ambazo rasimu zao zimekataliwa, wakazidai hela ya kuzichapisha, kisha hela ya ulinzi. Mkabidhi wa kweli hakutozi hata senti. Ukipata ujumbe wa hivyo, futa.

Mwaka uliofuata tulielekezwa kwa dada mmoja anayefanya kazi hii kwa uwazi. Hakuzungumzia bei kwanza. Aliniomba kila kilichowahi kuandikwa kuhusu sisi. Nikamtumia vipande 22 kwa WhatsApp, nikiwa na uhakika tumemaliza kazi. Akanirudishia vitatu.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo. Kumi na moja zilikuwa taarifa zetu wenyewe kwa vyombo vya habari, magazeti yamezichapa kama zilivyo, hata kosa langu la tahajia limo. Nne zilikuwa mahojiano na mkurugenzi, yaani sisi tunajisemea. Nyingine ni za hafla tulizowalipia waandishi nauli, na tuzo tulizozilipia ada ya kushiriki. Wikipedia inataka mtu asiye na maslahi na kampuni, kwenye chombo kinachoaminika, awe ameiandika kwa kina, si kuitaja kwa sentensi moja. Hata uwe na malori mia, pasipo maandishi ya namna hiyo huna ukurasa. Na mhariri hawezi kuyatengeneza, hata umlipe kiasi gani.

Katika vile vitatu, kimoja kilikuwa habari ya mgogoro wetu na madereva kuhusu posho za safari ya Tunduma. Mkurugenzi akasema hicho kisiguswe. Yule dada akamjibu kwa heshima, "Mzee, hicho ndicho chanzo chenu chenye nguvu kuliko vyote. Nikikiacha mimi, atakiweka mwingine." Mzee alinuna wiki nzima, kisha akakubali.

Alitutoza siku zake za kazi, si matokeo. Kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, ule unaoitambulisha akaunti yake Wikipedia, aliandika wazi kwamba analipwa, na nani, kwa kazi ipi. Hilo ni sharti la Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, tangu Juni 2014. Rasimu ilikataliwa mara moja, ikarekebishwa, ikakaa foleni zaidi ya miezi mitatu, ikapita. Sentensi tisa. Mgogoro wa madereva umo. Baadaye niliagizwa niuondoe kimyakimya. Nikauondoa, na kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umerudishwa, na mimi nimeonywa. Tangu hapo tukitaka kusahihisha kitu, hata idadi ya malori, tunaomba kwenye ukurasa wa majadiliano unaoambatana na makala, na kuweka chanzo.

Kwa hiyo muulize huyo kijana jina la akaunti yake. Akisema ni siri ya kazi, achana naye. Akikupa, fungua makala alizolipwa kuandika, bonyeza historia, uone kama zipo bado na kama ametangaza malipo. Na kama bosi wako anautaka ukurasa ili tovuti yenu ipande Google, mwambie viungo vinavyotoka Wikipedia vimewekewa tangu 2007 alama inayoziambia injini za utafutaji zisivihesabu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili naliomba kwa moyo. Wapo wanaosema, "Ya Kiingereza ikishindikana nitakuwekea ya Kiswahili, kule hakuna anayekagua." Wikipedia ya Kiswahili inabebwa na watu wachache wanaojitolea jioni baada ya kazi zao, na watoto wetu wanaisoma wakifanya kazi za shule. Kuitupia matangazo ni kuwaongezea hao wachache uchafu wa kuzoa. Tafadhali, usikubali.

Kampuni ya miaka mitatu, kama ulivyosema, inawezekana muda wake haujafika. Weka hapa viungo vya habari zilizoandikwa kuhusu ninyi, ukiondoa mlizozituma wenyewe na mahojiano ya bosi. Nitazipitia usiku huu nikwambie zimebaki ngapi.