Ajira za viwandani kurudi Ohio: niliyoyaona kwa zaidi ya miaka kumi Dayton

Ndugu mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza ni kama ni kweli kwamba viwanda vinarudi Marekani kama wanasiasa wa huku wanavyotangaza, na la pili ni kama mdogo wake, aliyepata ukaazi kupitia bahati nasibu ya viza, aende Ohio kwa kuwa amesikia viwanda vinaajiri. Ninaishi Dayton, Ohio, tangu mwaka 2014, na ukiondoa miezi michache ya mwanzo, miaka yote hiyo nimefanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari ambacho sitakitaja. Naomba nijibu kwa urefu, kwa sababu majibu mengi yaliyotangulia yametoka kwenye hotuba za wagombea, na anayesikiliza hotuba peke yake hawezi kuelewa kwa nini wapiga kura wa mkoa huu wamehama kutoka chama hadi chama.

Dayton ni mji uliojengwa na viwanda, na mtu yeyote wa hapa aliyevuka miaka hamsini anaweza kukutajia tarehe za misiba yake. Kampuni ya NCR, iliyoanzishwa hapa mwaka 1884 kutengeneza mashine za malipo za madukani, ilitangaza mwaka 2009 kwamba inahamishia makao makuu yake Georgia. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 23 Desemba 2008, General Motors ilikuwa imefunga kiwanda chake cha kuunganisha magari cha Moraine, kusini tu mwa mji. Wafanyakazi wa Moraine walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi cha IUE-CWA, si wa UAW, chama kinachowakilisha viwanda vingi vya GM, na kwa sababu hiyo walikosa haki ya kuhamishiwa katika viwanda vingine vya kampuni hiyo hiyo. Walibaki na nyumba za mkopo katika mji ambao bei za nyumba zilikuwa zikiporomoka.

Nilipoanza kazi nilipangiwa mashine moja na mzee wa Kimarekani aliyekuwa amefanya kazi Moraine kwa miaka 24. Alikuwa akilipwa dola 28 kwa saa, akiwa na bima ya afya na pensheni, na kwa mshahara huo alinunua nyumba, akasomesha watoto wawili, na kila Agosti alikwenda na mkewe Michigan kuvua samaki. Kiwandani kwetu alilipwa dola 12 na nusu, kiasi kile kile nilicholipwa mimi, mgeni niliyekuwa bado sijui kusoma vipimo vya mchoro. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisikiliza mashine na kujua kwamba inakaribia kuharibika kabla taa nyekundu haijawaka. Mzee huyu alimpigia kura Obama mara mbili, kisha akampigia Trump, na wanaodhani kwamba alifanya hivyo kwa ujinga au kwa chuki hawajawahi kukaa naye wakati wa chakula saa saba usiku.

Hasira yake ilikuwa na historia. Idadi ya wafanyakazi wa viwandani nchini Marekani ilifikia kilele mwaka 1979, wakiwa karibu milioni 19 na nusu. Mwaka 2000 walikuwa bado zaidi ya milioni 17, lakini kufikia mwanzoni mwa 2010 walibaki kama milioni 11 na nusu. Mashine zinazofanya kazi ya watu kumi zilichangia, na hilo wanasiasa hawapendi kulisema, kwa kuwa roboti haiwezi kutozwa ushuru mpakani. Lakini biashara nayo ilichangia sana. Mkataba wa biashara huria wa NAFTA na nchi za Mexico na Kanada ulijadiliwa chini ya Rais Bush wa kwanza wa Republican, ukapitishwa chini ya Clinton wa Democratic, ukaanza kutumika Januari 1994. Mwaka 2000 Clinton huyo huyo alisaini sheria ya kuipa China uhusiano wa kudumu wa kawaida wa kibiashara, nayo ilipita bungeni kwa kura nyingi za Republican. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Wanauchumi waliofuatilia athari hizo walikadiria kwamba ushindani wa bidhaa za China uliigharimu Marekani ajira zipatazo milioni 2 hadi 2.4 kati ya 1999 na 2011, na kwamba hasara hiyo iliangukia miji michache kama huu wetu badala ya kutawanyika nchi nzima. Kwa hiyo mzee wangu aliposema kwamba vyama vyote viwili vilimwuza, alikuwa anasema jambo lililo kwenye kumbukumbu za bunge.

Basi, je, viwanda vinarudi? Baadhi vimerudi, na sitaki kulikana hilo. Jengo la Moraine lilinunuliwa mwaka 2014 na Fuyao, kampuni ya Kichina ya vioo vya magari, na leo lina maelfu ya wafanyakazi mahali palipokuwa na giza. Swali ambalo hotuba hulipita haraka ni kazi ya namna gani imerudi ndani ya jengo hilo na mengine kama hilo, kwa mshahara gani, na nani mwenye sauti kuhusu kazi hiyo. Novemba 2017 wafanyakazi wa Fuyao walipiga kura kuhusu kujiunga na UAW, na waliokataa walikuwa 868 dhidi ya 444 waliokubali. Niliwafahamu watu wa pande zote mbili. Wengi wa waliokataa waliniambia kwamba waliogopa: walikuwa wameshaona jengo hilo likifungwa mara moja, na hawakutaka kumpa mwajiri yeyote sababu ya kulifunga mara ya pili.

Kwa upande wangu, niliingia kiwandani kwetu kupitia wakala wa ajira. Beji yangu ilikuwa ya rangi tofauti na ya walioajiriwa moja kwa moja, sikulipwa sikukuu, na niliahidiwa kwamba baada ya siku 90 ningechukuliwa na kiwanda chenyewe. Siku hizo 90 zikawa miezi kumi na minne. Oda ilipopungua tulipigiwa simu jioni na kuambiwa tusije kesho. Katika taarifa ya kampuni kwa wakuu wa mkoa, waliotoa msamaha wa kodi ili kiwanda kipanuliwe, sisi wenye beji za rangi nyingine tulihesabiwa pamoja na wote kuwa ni ajira zilizoletwa. Kwangu hapo ndipo kiini cha siasa hii kilipo: mwanasiasa anahesabu vichwa, na mshahara, muda wa mkataba na haki ya kuugua bila kufukuzwa haviingii katika hesabu yake.

Lordstown, kaskazini-mashariki mwa mkoa huu, inaonyesha mambo yote hayo kwa pamoja. Julai 2017 Trump alifika Youngstown, karibu na kiwanda cha GM cha Lordstown, akawaambia watu kwamba kazi zote zinarudi, wasihame na wasiuze nyumba zao. Machi 2019 kiwanda hicho kilitoa gari lake la mwisho, na familia zilizomsikiliza zikalazimika kuchagua kati ya kuhamia mikoa ya mbali na kuacha kazi. Baadaye pakajengwa jirani kiwanda cha betri za magari ya umeme cha Ultium, kampuni ya ubia ya GM, kilichonufaika na mkopo wa serikali na misaada ya kodi ya sheria ya Biden ya mwaka 2022. Hata pamoja na fedha hizo za umma, walioanza walilipwa dola 16 na nusu kwa saa. Kilichobadilisha hali hiyo ni wafanyakazi wenyewe, ambao Desemba 2022 walipiga kura 710 dhidi ya 16 kujiunga na UAW, na baada ya majadiliano marefu mishahara ikapanda sana. Nafuu ya kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme ikafutwa mwishoni mwa Septemba 2025, na mwezi uliofuata GM ikatangaza kupunguza wafanyakazi hapo. Kiwanda kinapangwa kwa miaka thelathini, na sera inayokilinda inadumu miaka minne. Sioni mji unavyoweza kujijenga juu ya msingi wa namna hiyo.

Kuhusu ushuru wa forodha nitasema machache. Mwanzoni mwa 2018 mashine za kufulia zilizotoka nje ziliwekewa ushuru, na ajira zipatazo 1,800 zikapatikana, lakini bei ya mashine hizo ilipanda kwa takribani asilimia 12, na wachumi waliokokotoa gharama waliona kwamba wanunuzi walilipa kama dola 815,000 kwa mwaka kwa kila ajira moja. Mwaka huo huo chuma cha kigeni kilitozwa asilimia 25. Kiwandani kwetu hilo lilimaanisha malighafi ghali zaidi na kupunguziwa saa za kazi kwa miezi kadhaa, kwa sababu sisi ni wanunuzi wa chuma. Siupingi ushuru wote. Walioporomoshewa bei na bidhaa zenye ruzuku ya serikali nyingine wana haki ya kulindwa. Napinga kuambiwa kwamba ushuru peke yake utamrudishia mzee wangu dola zake 28.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wazungumzaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kwenye zamu yetu ya usiku utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi kutoka upande mmoja wa laini hadi mwingine, kwa sababu Dayton imepokea wakimbizi wengi, na viwanda vilivyorudi vilikuwa na nafasi ambazo havikuweza kuzijaza. Springfield, kama kilomita 40 kutoka hapa, ni mji uliokuwa na watu zaidi ya 80,000 miaka ya 1960 na ukabaki na chini ya 60,000. Waajiri waliporudi, Wahaiti kwa maelfu walikuja kufanya kazi. Shule na zahanati zilielemewa kweli, na malalamiko ya wenyeji kuhusu kodi za nyumba yalikuwa ya haki. Lakini Septemba 2024, katika mdahalo wa urais, Trump alidai mbele ya taifa zima kwamba Wahaiti hao wanakula mbwa na paka wa majirani zao. Vitisho vya mabomu vikafuata na shule zikafungwa, ingawa viongozi wa mji walisema hakuna ushahidi wowote, na gavana Mike DeWine, Mrepublican aliyezaliwa Springfield, aliwatetea hadharani kuwa ni watu waliokuja kufanya kazi.

Mwaka 2025 baadhi ya wenzetu walioingia kwa kibali cha muda walifutiwa ruhusa ya kufanya kazi. Katika wiki moja laini yetu ilipoteza watu tisa, na tuliobaki tukawekewa Jumamosi za lazima. Mimi nimekulia Morogoro, jirani na viwanda ambavyo baadhi yake vilikuwa vimekufa nilipoanza shule, na najua mji usio na king'ora cha zamu unavyokuwa. Ndiyo maana inaniuma kuona mji unaolilia viwanda ukifundishwa kuwachukia wanaoviendesha.

Nirudi kwa mdogo wako, ndugu yangu. Aje, kazi ipo. Ajitayarishe kupata leseni ya udereva mapema, kwa kuwa viwanda vingi viko mbali na njia za basi, na mwaka wa kwanza apange na wenzake. Kabla hajakubali kazi aulize kama ataajiriwa na kiwanda au na wakala, bima inaanza siku ya ngapi, na kama kuna chama cha wafanyakazi. Na wakala akimwambia aanze usiku huo huo, asitie saini kabla hajaona kwa maandishi ni siku ya ngapi atapewa beji yenye rangi kama ya wengine.