Barua kwa Mwanangu: Pesa Zilizorudishwa na Shilingi Iliyosafishwa

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Atieno,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na hasira kama wewe, na mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unaniuliza ufanye nini na wanunuzi wawili ambao, kwa maneno yako, wamekuibia mchana kweupe: yule wa Nairobi aliyelipia noti tatu za mwaka 1966 kwa M-Pesa, shilingi 14,000, kisha akaomba pesa zirudishwe kwa madai kwamba alikosea namba, na yule wa Uingereza aliyelipa dola 85 kwa PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, akapokea shilingi mbili za Afrika Mashariki pamoja na senti kumi ya tundu, halafu akafungua mgogoro akisema mali si kama ilivyoelezwa. Unauliza pia kama uanike majina na namba zao mtandaoni ili wengine wajihadhari. Nitakujibu yote, lakini nianze kwa kukukatalia jambo moja. Hao si watu wa aina moja, na ukiwatia kapu moja utamkosea yule ambaye mngeweza kuelewana, na utamwachia mwenzake upenyo wa kuponyoka.

Huyu wa Nairobi simwonei huruma hata chembe. Umenieleza kwamba pesa ziliingia Jumanne saa nne asubuhi, ukatazama salio badala ya kuuamini ujumbe peke yake (hapo ulifanya vyema), ukapeleka bahasha kwenye ofisi ya vifurushi ya matatu hapo Nakuru, akaichukua jioni ileile, na saa mbili usiku ukapata taarifa kwamba kiasi hicho kimezuiwa kwa kuwa mtumaji ameomba kirudishwe. Mtu aliyekosea namba kweli huhangaika ndani ya dakika chache. Hangoji mzigo ufike mkononi ndipo akumbuke kwamba alikosea. Njia ya kurudisha pesa ni rahisi kwa makusudi, kwa sababu iliwekwa kwa ajili ya mama aliyepeleka karo ya mtoto kwenye namba isiyo yake: mtumaji husambaza ujumbe wa muamala kwa namba 456, na pesa zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji zinaweza kushikiliwa suala likichunguzwa. Tapeli hutumia mlango uleule. Sikulaumu kwa kumwamini, bali kwa kupokea pesa za biashara kwenye laini yako ya kawaida, pamoja na za chama na za sabuni. Fungua Pochi la Biashara, ile akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, au namba ya till ya kulipia dukani, ambako mteja hawezi kurudisha malipo kwa matakwa yake peke yake bila wewe kuulizwa.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, piga simu kwa huduma kwa wateja na upinge ombi hilo. Usieleze maisha yako, eleza muamala. Una kitu kimoja kinachotosha kumvunja, nacho umekitaja kwa kupita tu kwenye barua yako: ule ujumbe wake wa saa nne na dakika sita, "Nimetuma, angalia," ukiwa na msimbo wa muamala. Aliyekosea namba hamwandikii mwenye namba hiyo kumwarifu kwamba ametuma. Weka ujumbe huo pamoja na mazungumzo mlipokubaliana bei, risiti ya ofisi ya vifurushi yenye tarehe na namba yake ya simu, na ule ujumbe wa jioni aliposhukuru kwamba amepokea. Piga picha za skrini leo usiku, kwa maana mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kufutwa na aliyeyaandika.

Ikiwa pesa zilikwisha kurudi kwake, mwandikie barua ya madai, fupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi moja: "Tarehe fulani ulinunua kwangu noti tatu kwa shilingi 14,000, ukazipokea jioni hiyo, kisha ukarudisha malipo. Ninakutaka ulipe kiasi hicho au unirudishie noti zilezile katika hali ileile ndani ya siku saba. Usipofanya hivyo nitapeleka dai katika Mahakama ya Madai Madogo na kuripoti polisi." Mahakama hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Sikushauri ukimbilie huko kwa shilingi 14,000 kabla ya kupima nauli na siku za kazi utakazopoteza. Lakini nakushauri umwandikie kama mtu aliyekwisha kuulizia masjala iko ghorofa ya ngapi. Wengi wa aina yake hutegemea kwamba utachoka.

Nayasema hayo kwa kuwa nami nilichoka. Mwaka 1994 nilimuuzia mtu mmoja wa hapa mjini albamu ya stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, akanipa hundi. Hundi ikarudi. Nilikwenda ofisini kwake nikapiga kelele mbele ya katibu wake, naye akaniuliza kwa upole kabisa: "Albamu ipi?" Sikuwa na karatasi hata moja yenye sahihi yake. Mimi niliyekaa miaka 31 posta kwenye kaunta ya barua za rejista, nikimtaka kila mtu atie sahihi hata kwa kadi ya Krismasi, nilikuwa nimemkabidhi mtu albamu ya miaka kumi kwa kushikana mikono. Tangu siku hiyo naamini kwamba mgogoro wa malipo huamuliwa kabla bahasha haijafungwa, na yanayofuata ni kusomeana yaliyokwisha kuandikwa.

Kuhusu kumwanika, jibu langu ni hapana. Namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa tu. Zaidi ya hayo, ukimwita mwizi hadharani kabla suala halijaamuliwa, utampa yeye kesi ya kukushtaki kwa kumchafulia jina, na maneno yako makali yatasomwa na kila atakayeombwa kuamua kati yenu. Peleka hasira yako kituo cha polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Sasa nije kwa Mwingereza. Nimeitazama picha aliyokutumia, nikaikuza mpaka simba aliyechorwa kwenye shilingi akajaa kwenye skrini. Kwenye shingo na mgongo wake kuna mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, na kwenye mabonde ya herufi, mahali ambapo fedha ya zamani huwa na weusi wake wa asili, pamekuwa peupe. Anasema sarafu ilisuguliwa. Wewe kwenye tangazo uliandika "halisi kabisa, haijawahi kusafishwa".

Atieno, mtu huyo anasema kweli. Najua kwa sababu niliyeisugua ni mimi. Shilingi ile ya 1922 ilitoka kwenye kopo la maziwa la babu yako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukikaa Nyalenda, nikaketi mlangoni na ndimu iliyokatwa na kiganja cha majivu ya jiko, nikamsugua simba yule mpaka akang'aa kama kijiko cha harusi, nikampelekea babu yako nikitarajia sifa. Aliigeuza mara mbili, akairudisha koponi bila neno. Sikujua wakati ule kwamba shilingi za miaka hiyo zina robo tu ya madini ya fedha, kwamba ngozi yake ya juu ikishaondoka hairudi, na kwamba mkusanyaji huipenda ile rangi iliyokaa miaka mingi kuliko mng'aro wowote. Nilipokupa kopo lile nilipaswa kukuambia. Sikukuambia, nawe ukaandika ulichodhani.

Kwa hiyo usipigane naye. Ulinzi ambao PayPal huwapa wauzaji hugusa zaidi madai ya mali isiyofika na malipo yasiyoidhinishwa na mwenye akaunti. Dai kwamba mali si kama ilivyoelezwa haliko ndani yake, na mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa kulifungua. Baada ya kufungua mgogoro kuna siku 20 za kuzungumza wenyewe kabla haujafungwa, isipokuwa mmoja wenu aupandishe kuwa dai rasmi ili kampuni iamue, na wewe umekwisha kutumia sita kati ya hizo kwa kumwandikia kwamba Waafrika si wezi. Hakusema hivyo. Alisema sarafu imesuguliwa.

Mwandikie kwa adabu kwamba umechunguza, kwamba sarafu moja kati ya tatu ilisafishwa zamani bila wewe kujua, na umpe achague: arudishe zote tatu kwa posta yenye namba ya kufuatilia na kurejeshewa dola zake 85 zikifika, au abaki nazo na arejeshewe dola 30. Nadhani atachagua la pili, kwa kuwa ile shilingi nyingine, ya 1925, ni nzuri. Lakini angalia sana hapa: pesa zozote unazorejesha zirejeshe kupitia muamala uleule, ndani ya mgogoro uleule. Ukimtumia kwa njia nyingine kwa sababu amekuomba hivyo, mgogoro utabaki wazi na unaweza kulipa mara mbili. Na akirudisha sarafu, zilinganishe na picha zako kabla ya kubonyeza chochote. Kila shilingi ya umri huo ina kovu lake ukingoni, na si kila anayerudisha hurudisha kilekile alichopewa.

Umenieleza kwamba ulipiga picha moja moja tu, upande wa simba. Hilo liishe leo. Piga pande zote mbili na ukingo, mahali penye mwanga wa dirisha, kisha weka sarafu juu ya mizani ndogo na upige picha mizani ikisomeka; shilingi zile huwa na takriban gramu 7.8, na iliyopungua waziwazi ina maelezo yake. Halafu piga picha bahasha ikiwa wazi na ikiwa imefungwa. Tulipokuwa kaunta tulipokea barua zenye sarafu zilizoachwa zikichezacheza ndani, na nyingi zilifika kwenye magunia zimetoboka pembeni kama panya amepita. Bana sarafu kati ya vipande viwili vya kadibodi, uizungushie utepe, ndipo uitie kwenye bahasha. Pima bahasha nzima mbele ya karani na uombe uzito uandikwe kwenye risiti, kwa sababu siku mtu akidai kwamba alipokea bahasha tupu, hakuna kinachozungumza vizuri kuliko gramu. Kwa nje ya nchi tumia rejista au EMS, huduma ya haraka ya posta, na uhifadhi ile namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na KE mwishoni. Bila namba hiyo, mnunuzi akisema haikufika, basi haikufika. Na anwani iwe ileile iliyo kwenye muamala, hata akikuandikia kwamba amehamia kwa shangazi yake.

Maneno ya tangazo nayo yapunguze. Ile senti kumi ya 1936 uliita "adimu sana" kwa kuwa ina jina la mfalme Edward VIII wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba mwaka uleule. Jina lake limo kwenye senti zetu kwa sababu sarafu za tundu hazikubeba kichwa cha mfalme, na zilitengenezwa nyingi mno. Mimi peke yangu ninazo tisa kwenye droo. Andika mwaka, uzito, kasoro unazoziona kwa macho, na hapo ukome. Neno "adimu" halimpandishii mnunuzi hamu kama linavyompandishia madai. Na wale wanaokuandikia "niwekee hadi mwisho wa mwezi", chukua malipo ya awali na uwape tarehe, ikipita, uza.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa umesema kuna mtu wa Marekani ameitia bei ile rupia ya 1888 ya kampuni ya Waingereza, ya Mombasa. Usiitume. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Ikishikwa njiani, mnunuzi atarejeshewa pesa zake, nawe utabaki bila sarafu, bila pesa, na ukiwa na mengi ya kueleza. Muuzie mtu wa hapahapa au ibaki koponi.

Nitumie rasimu ya barua ya yule wa Nairobi kabla hujaituma. Mama yako ataisoma pia, maana yeye ndiye aliyedai madeni ya vitenge sokoni Kibuye miaka yote hiyo na anajua sentensi ipi humfanya mtu alipe. Zile dola 30 za Mwingereza nitakutumia mimi Jumatano nikishapata pensheni. Majivu yalikuwa yangu.

Baba yako