Zotero au Mendeley? Kwanza angalia majina ya waandishi

Mkuu uliyeuliza utumie Zotero au Mendeley, hizi programu za kutunza na kupanga marejeleo, una PDF 180 kwenye folda na mapitio ya machapisho unatakiwa uyakabidhi mwezi ujao, mi nakushauri Zotero, ni ya bure na nimeitumia masters nzima. Ila kuchagua programu ndo kazi ndogo, kinachokuja kukutesa ni taarifa zinazoingia humo ndani.

Mi niliburuta PDF zote kwa mkupuo nikaona mambo safi, siku natoa orodha ya marejeleo kwa APA (ule mtindo wa jina la mwandishi na mwaka) nakuta Wizara ya Afya imekuwa "Afya, W. ya", na kwenye maandishi inasomeka (Afya, 2019), yani programu imechukua neno la mwisho ikadhani ni jina la ukoo. Na ripoti za serikali nilikuwa nazo nyingi, nilikesha aisee. Dawa yake, pembeni ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo, ukikibonyeza visanduku viwili vinakuwa kimoja, hapo andika jina la taasisi zima. Zile ripoti zilizoskaniwa ndo kabisa, mara nyingi haizisomi, jaza kwa mkono. Makala zenye DOI (ile namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) hazina shida, bandika DOI kwenye kile kitufe chenye alama ya kifimbo inavuta yenyewe, ila bado pitia mwaka na jina la jarida, hasa ulizochukua Google Scholar.

Bando lisikutishe, nafasi ya bure ya mafaili mtandaoni kwa Zotero ni MB 300 tu, lakini taarifa zenyewe za marejeleo hazihesabiwi humo, so zima usawazishaji (sync) wa mafaili, PDF zikae kwenye kompyuta na uzikopi kwenye flashi.

Kama mapitio yako yanataka mchoro wa PRISMA (unaoonyesha ulipata machapisho mangapi na ulivyoyachuja), andika idadi ya ulizopata kila kanzidata KABLA hujaunganisha zinazojirudia, ukishaunganisha ile namba kuipata tena ni shughuli.

Halafu supavaiza mtumie nakala ya faili lako la Word, faili mama baki nalo, la kwangu lilifunguliwa kwenye programu nyingine likaseviwa, likarudi marejeleo yote ni maandishi ya kawaida, nikayaweka upya moja moja sura nzima ya pili.

Leo ingiza kumi tu, changanya makala na ripoti za wizara, toa orodha kwenye Word uone zinavyokaa, ndo uingize hizo nyingine.