Mdogo wangu, viunzi vitakungoja

Kijana mmoja alinisimamisha Jumapili pale Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, akitaka nimfundishe mbio za kuruka viunzi na maji. Nilimuuliza anakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Akanyamaza, na mimi nikamwelewa, kwa sababu nilikuwa vivyo hivyo nikiwa na miaka 17. Mwezi mzima nilikuwa nikiruka madawati shuleni kila jioni, naruka vizuri kweli, watu wakipiga makofi. Siku ya mashindano, mzunguko wa tano, miguu ikaniisha. Nilikanyaga kiunzi cha maji, kile chenye shimo la maji mbele yake, vibaya nikashukia kifundo, nikachechemea wiki sita.

Hesabu yake ni hii: mita 3000, viunzi 28, maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina sentimita 91.4, cha wanawake 76.2, na hakianguki ukikigonga. Unaanguka wewe. Kuruka cha kwanza si kazi. Kazi ni cha ishirini na tano, pumzi zikiwa zimekata.

Ndiyo maana nawataja wazee wetu. Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 1500 Mexico mwaka 1968, ndipo 1972 akaja kuchukua ya viunzi Munich. Henry Rono, mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5000, viunzi, 10,000 na 3000. Tatu kati ya hizo hazina kiunzi hata kimoja! Pumzi ile ile ndiyo iliyombeba kote.

Huku kwetu pumzi hujengwa kwa adabu ya joto. Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa uwanja wa gofu, Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka 5 mfululizo, aliacha njiani. Ikiwa yeye alishindwa na joto letu, wewe usishindane na saa ya mkononi wakati wa joto la kaskazi. Toka baada ya alfajiri, kimbia ukiweza bado kuzungumza na mwenzako. Maji yakipwa, mchanga wa Nyali huwa mgumu na mzuri, ila umeinama. Kwa hivyo rudi njia ile ile uliyoendea, kila mguu upate zamu yake ya upande wa juu.

Ukifika kwenye maji, kanyaga juu ya kiunzi, jisukume mbele badala ya kwenda juu, mguu mmoja utue mwisho wa shimo ambako maji ni machache, wa pili utoke nje. Na jifunze kuruka ukitanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, usije ukakatakata hatua mbele ya kiunzi.

Kijana wangu wa Jumapili, njoo Jumamosi na viatu vya kawaida. Tutaanza na dakika arobaini za mchangani, polepole.