Mwache ashike kibodi mwenyewe

Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla sijawasha mashine yoyote, humwomba aliyemleta mwanafunzi akakae kwenye benchi la nje. Wengine huona nimewakosea adabu. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mwanangu haoni kabisa, atawezaje peke yake?" Nikamjibu, "Mama, hata mimi sioni, na mlango huu nimeufungua mwenyewe asubuhi." Akatoka. Alirudi kuchungulia mara tatu, na kila mara kijana wake alimtambua kwa mburuzo wa ndala zake.

Ninafundisha kompyuta kwa wasioona na wenye uoni hafifu hapa Morogoro, mwaka wa 11 sasa. Kwa niliyoyaona, kinachomchelewesha mwanafunzi ni mkono wa mwenzake unaopita juu ya bega lake na kumbonyezea, kuliko macho yake yenyewe. Ni mkono wa upendo, najua. Lakini kila unapombonyezea unamwambia, bila kutamka, kwamba mashine hii si yake.

Nami nilibonyezewa miaka mingi. Nilikuwa mwalimu wa Hisabati shule ya msingi nilipoanza kuugua presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Ugonjwa huu hula pembeni kwanza. Unaendelea kusoma ubao vizuri huku unagonga fremu za milango, na unadhani ni haraka zako tu. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa na upasuaji hulinda kilichobaki, basi. (Kama nyumbani kwenu kuna aliyepofuka kwa presha ya macho, wewe na ndugu zako mkapimwe hata kama mnaona vizuri. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo.)

Kwa miaka miwili nilikuza maandishi kwenye skrini mpaka neno moja likajaa kioo kizima. Nilisoma pua ikigusa kompyuta, kichwa kikiuma kuanzia saa nne asubuhi. Niliambiwa ipo programu ya kusoma skrini kwa sauti, nikaikataa. Niliona kuikubali ni kutangaza kwamba nimekuwa kipofu. Basi barua zangu zikawa zinasomwa na mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili. Alijua mshahara wangu, alijua deni langu. Siku moja yalikuja majibu ya vipimo vya hospitali kwa barua pepe. Aliyasoma kimya kwanza. Nikasikia pumzi yake ikibadilika kabla hajanisomea neno hata moja. Mtoto wa miaka 15 aliujua ugonjwa wangu kabla yangu, na ilibidi mimi nianze kumtuliza yeye. Wiki iliyofuata nilianza kujifunza kisoma skrini.

Kwa hiyo ninyi wenye uoni hafifu, mkiwemo ndugu zetu wenye ualbino ambao darasani huwekwa mstari wa mbele wakaambiwa yatosha, ushauri wangu ni huu: jifunzeni kutumia sauti sasa, macho yakiwa bado yanasaidia. Kikuza skrini kitumieni, ni kizuri, shika kitufe cha Windows ubonyeze alama ya kujumlisha kitafunguka. Lakini kama daktari amekwambia uoni unashuka, usingoje giza ndipo uanze kutafuta kitufe. Mimi nilingoja, na miaka ile miwili ninaijutia.

Programu ninayofundishia ni kisoma skrini kiitwacho NVDA. Haiuzwi. Unaipakua bure, na unaweza hata kuiweka kwenye flashi ukaenda nayo intaneti kafe ukaiendesha kutoka humo humo, mwenye kafe akikuruhusu. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake James Teh, naye asiyeona, wakaanzisha shirika la kuiendeleza. Walifahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki. Kabla yao ilikuwepo JAWS, ambayo hadi leo ni imara sana, ila leseni yake inauzwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuitoa mfukoni. Nayo ilianzishwa na asiyeona, Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya ajali ya gari kumpofusha mwaka 1978. Hawa huwataja siku ile ile ya kwanza. Nataka mwanafunzi ajue kwamba vifaa hivi hatukutupiwa kama sadaka. Vilitengenezwa na watu waliokaa mahali alipokaa yeye.

Baada ya hapo hatugusi intaneti kwa wiki mbili nzima. Wengi hunilalamikia. Lakini asiyejua kibodi akipelekwa kwenye tovuti ni sawa na mtu aliyeshushwa Kariakoo saa sita mchana bila fimbo. Tunaanza na vidole. Papasa F na J, utakuta vijistari vidogo vilivyoinuka. Vidole vya shahada vinakaa hapo, na kila kitufe kingine kinapimwa kutoka hapo. Kwenye kibodi yenye namba pembeni, 5 nayo ina alama. Nikimwona mwanafunzi anahangaika, naweka tone la rangi ya kucha kwenye kitufe kimoja au viwili anavyovipoteza. Likikauka linapapasika.

Kisha namfundisha kushika Insert na kubonyeza 1. Hapo NVDA inaingia katika hali ya kutambulisha vitufe: bonyeza chochote utakacho, itakutajia jina lake na kazi yake, na hakuna kitakachofunguka wala kufutika. Mwache humo saa nzima. Nimeona watu wazima waliokuwa wanaogopa kuiharibu mashine wakilegea mabega dakika chache tu baada ya kugundua kwamba wanaweza kubonyeza bila kuvunja kitu. Ukirudia Insert na 1, unatoka.

Somo linalofuata ni ukimya. Hakuna kinachomkatisha tamaa anayeanza kama mashine kunyamaza ghafla, maana kwetu sisi sauti ikikata ni umeme umekatika. Mara nyingi amegusa Insert na S bila kujua, na hiyo ndiyo amri ya kubadili namna ya kuongea, ikiwemo kutoongea kabisa. Airudie taratibu, mara moja, mara mbili, mpaka isikike tena. Isiposikika, apapase kama hedifoni imechomoka nusu. Halafu Control, Alt na N kwa pamoja, kuiwasha NVDA upya. Mimi huwanyamazishia mashine makusudi, nikakaa pembeni nikisubiri. Mwanafunzi aliyeirudisha sauti mwenyewe mara tano hahitaji tena mtu wa kukaa naye.

Ukinielewa hapo umeelewa karibu yote ninayotaka kuwaambia ndugu, walimu na marafiki. Akikwama, mwulize, "Inasema nini?" Usimwambie bonyeza hapa. Maneno kama "hapo juu kulia, penye kile kialama cha kijani" hayamfai kitu, kwa sababu kisoma skrini hakiendi kulia wala juu, kinakwenda mbele na nyuma, kitu kimoja baada ya kingine. Na mikono yako iweke magotini. Dakika utakazoziona ndefu ndizo anazojengea ramani kichwani.

Sauti nayo irekebishe mapema. Mara nyingi utaikuta imewekwa ya Kiingereza, nayo ikisoma Kiswahili inayapotosha maneno mpaka hayatambuliki, na mgeni anadhani masikio yake ndiyo mabovu. Bonyeza Insert, Control na V, utafika kwenye mipangilio ya sauti. NVDA huja na eSpeak, ambayo ina Kiswahili. Ni sauti kavu, ya kibati, lakini utaizoea, na ukishaizoea utaiongezea kasi hadi watu walio karibu wasiambulie kitu. Anza polepole. Ongeza kidogo kila wiki.

Na usiitupe nukta nundu, yaani maandishi yetu ya kupapasa kwa vidole. Vijana huniuliza kila mara kama bado ina kazi ikiwa mashine inaongea. Ina kazi. Anayesikia tu bila kugusa herufi hupoteza tahajia. Ninapokea barua za maombi ya kazi zilizoandikwa "amna" badala ya "hamna" na "gali" badala ya "ghali", kwa sababu mwandishi hajawahi kulikuta neno kwa vidole. Asiye na nukta nundu ajizoeze walau kupita juu ya maneno yake herufi kwa herufi kwa mshale wa kulia kabla hajatuma.

Tukifika kwenye intaneti, kitufe cha kwanza ni H. Kinakurusha kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. K ni viungo, B ni vitufe vya kubonyeza, E ni visanduku vya kuandika. Insert na F7 inakuletea orodha nzima ya viungo au vichwa vilivyomo. Ila njia hizi zinafanya kazi pale tu mtengenezaji wa tovuti alipoweka vichwa vya kweli, si maandishi yaliyonenepeshwa tu. Niliwahi kujaza fomu ya maombi ya mafunzo mtandaoni, kurasa nne, nikafika mwisho nikakuta vitufe vitatu vyote vinasomeka "kitufe", "kitufe", "kitufe". Kimoja kilikuwa cha kutuma. Kimoja kilikuwa cha kufuta kila kitu, na hicho ndicho nilichobonyeza. Kukipa kitufe jina ni kazi ya mstari mmoja kwa mtengenezaji.

Nyaraka zinatuumiza hata zaidi, na hapa nasema na yeyote anayeandika barua ofisini, shuleni au kanisani. Ukichapa tangazo, ukalitoa kwenye karatasi, ukaligonga mhuri, kisha ukaliskani na kulisambaza, umetutumia picha. Kisoma skrini kinafika hapo kinasema "picha" na kunyamaza. Tuma pia lile faili ulilolichapa. Ndani yake vichwa viwe vichwa: kwenye Word weka kishale kwenye mstari wa kichwa ubonyeze Control, Alt na 1. Inakuchukua muda wa kupiga chafya, na mimi naweza kuruka sura hadi sura badala ya kusikiliza kurasa 40 kutafuta aya moja.

Kwenye makundi ya WhatsApp ni vivyo hivyo. Kadi ya mchango wa harusi, ratiba ya mazishi, tangazo la kikao cha wazazi, vyote vinakuja kwa picha. Nimewahi kukosa maziko ya mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye miaka sita kwa sababu saa na mahali viliandikwa juu ya picha yake, na chini yake watu 70 wakaandika "pole" tu. Mistari miwili ya maandishi chini ya picha ingetosha.

Kwa simu sitasema mengi, maana wengi huizoea haraka. Kwenye Android kisoma skrini ni TalkBack, kwenye simu nyingi unaiwasha kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache. Kwenye iPhone ni VoiceOver. Kinachosumbua ni menyu za kutuma pesa zinazokatika kabla sauti haijamaliza kusoma. Zikariri namba za hatua unazozitumia zaidi, kwa mpangilio wake, kama unavyokariri namba ya simu ya nyumbani. Na namba ya siri usiiandike kamwe bila hedifoni.

Nirudi kwa yule kijana wa mama mwenye ndala. Alikaa kwangu miezi mitano. Alikuwa ameomba nafasi ya chuo, na barua ya majibu iliingia siku ya Alhamisi tukiwa darasani, mama yake akiwa nje kwenye benchi lake kama kawaida. NVDA ilitaja jina la mtumaji kwa sauti, chumba kizima kikasikia, na mama naye akasikia. Ndala zikaja mbio hadi mlangoni.

"Inasemaje, baba? Ngoja mwalimu akusomee."

Nikamsikia kijana akipapasa mezani, akachomeka hedifoni. "Subiri kidogo, mama," akasema. "Ninasoma."