Kipepeo wa michungwa na kima punju: uainishaji na hatari ya kutoweka

Swali: Ninafundisha biolojia Unguja. Wanafunzi wangu wamelinganisha kipepeo wa michungwa na kima punju wa Jozani, wakahitimisha kwamba kima yuko hatarini kwa kuwa ni mamalia, na kipepeo yu salama kwa kuwa ni mdudu. Je, wako sahihi?

Jibu: Mwalimu, walichokiona ni kweli, ila sababu waliyoitoa si sahihi.

Wanyama hawa wamo katika himaya moja, ile ya wanyama, kisha wanaachana papo hapo kwenye faila, yaani ngazi kuu inayofuata chini ya himaya. Kipepeo ni arithropodi: mwili wake unashikiliwa na gamba la nje, na mshipa wake mkuu wa fahamu hupita upande wa tumboni. Kima ni kodata, mwenye uti wa mgongo, na mshipa huo kwake hupita mgongoni. Kuanzia hapo kipepeo huwekwa katika ngeli ya wadudu, oda ya Lepidoptera, familia ya Papilionidae, spishi Papilio demodocus. Kima huwekwa katika ngeli ya mamalia, oda ya Primates, familia ya Cercopithecidae, spishi Piliocolobus kirkii.

Hatari ya kutoweka haifuati ngazi hizo. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, hupima kila spishi peke yake, kwa kuangalia idadi yake, ukubwa wa eneo lake na kasi ya kupungua kwake. Kima punju amo katika daraja la walio hatarini kutoweka, kwa sababu kwa asili haishi popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vilivyo jirani kabisa, misitu yake imekatwa kwa kuni, mkaa na mashamba, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida. Kipepeo wetu ameenea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, na viwavi wake hula majani ya michungwa na milimau tunayoipanda wenyewe. Wapeleke wanafunzi kwenye mchungwa wowote: kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na aliyekua akiguswa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali.

Ningependa sana jedwali lao liongezewe wanyama wawili. Wa kwanza ni tumbili, wa familia ileile ya kima punju, ambaye bado ni wa kawaida mno Afrika Mashariki. Wa pili ni Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea, kipepeo mkubwa kuliko wote duniani, wa familia ileile ya Papilionidae; naye yuko hatarini kutoweka, kwani eneo lake ni dogo na sehemu ya msitu wake imegeuzwa mashamba ya michikichi.