Stelingi wangu alikufa mapema

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Stelingi gani wa picha za kauboi na za vita alikuwa mgumu kuliko wote?" Nimeyasoma majibu ya wenzangu. Clint Eastwood, Charles Bronson, John Wayne. Mmoja kamtaja Django, mhusika wa kubuni, kana kwamba ni jina alilopewa na mama yake. Woody Strode hayumo. Nililikunja gazeti, nikalikunjua tena, nikahakikisha. Hayumo.

Najua mtanijibu kwamba Strode hakuwa stelingi, mhusika mkuu wa picha. Ndicho kilichonikalisha kuandika.

Kwa wasiomjua kwa jina, ni yule mweusi mrefu, kipara, kifua kama mlango wa ghala. Kwenye Spartacus ya 1960 ndiye Draba, mtumwa wa Kihabeshi mwenye wavu na mkuki wa ncha tatu. Anamshinda Kirk Douglas, anakataa kummaliza, anageuka na kuwaparamia wakubwa wa Kirumi waliokaa juu wakistarehe. Kwenye The Professionals ya 1966 ndiye mpiga mishale anayefuata nyayo jangwani, akiwa na Burt Lancaster, Lee Marvin na Robert Ryan. Alikuwa ameshapita hamsini, na bado mwili wake uliwaaibisha vijana.

Na ugumu ule haukuwa wa mbele ya kamera tu. Alizaliwa Los Angeles 1914. Mwaka 1946 yeye na rafiki yake Kenny Washington waliingia timu ya Rams, wakavunja marufuku ya kimyakimya iliyowafungia weusi nje ya ligi ya mpira wa Kimarekani tangu 1933. Jackie Robinson, ambaye kila mtu anamjua kwa besiboli, aliingia ligi kuu mwaka uliofuata. Hao watatu walikuwa wamecheza timu moja chuoni, UCLA.

Lakini mimi Strode sikumjua kwa mpira. Nilimjua Tanga, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kupitia kwa mjomba.

Mjomba alikuwa kuli bandarini, naye ana kipara kinachong'aa kuliko sahani ya bati. Jumamosi moja akanichukua twende picha ya saa tisa. Tulikaa viti vya mbele, vya bei ya chini, unatazama juu mpaka shingo inauma. Picha yenyewe ilikuwa Once Upon a Time in the West. Wanaume watatu wenye makoti marefu wanafika stesheni jangwani kungoja treni. Mmoja anasumbuliwa na nzi. Mwingine anavunja vidole, ko, ko, ko. Strode anakwenda kusimama chini ya tangi la maji. Tone linamwangukia utosini. Anatazama juu. Mtu mwingine angesogea. Yeye anavaa kofia, anabaki palepale, na matone yanaendelea, sasa juu ya kofia.

Ukumbi ule ulikuwa na kelele, watu walikuwa wakimsaidia mwigizaji kusema maneno yake. Siku hiyo ulinyamaza hadi nikasikia feni. Treni ikapiga honi. Strode akaivua kofia polepole, akayanywa maji yaliyotuama ukingoni. Mjomba akanipiga kiwiko.

"Huyo ndiye stelingi. Mtazame vizuri."

Treni ikaondoka, ng'ambo ya reli akabaki mtu mmoja na kinanda cha mdomo, Bronson. Maneno machache, risasi, wale watatu wote chini.

Mjomba hakushtuka. Enzi hizo kila mtoto alijua kwamba stelingi hafi. Akipigwa risasi ni ya bega, atafungwa kitambaa na atarudi. Basi akangoja. Ikaja familia nyingine shambani, wakaja majambazi wengine, mjomba bado anangoja kipara mwenzake aamke. Alipoona sasa hadithi imeshahama kabisa, akanishika mkono: "Twende."

Mlangoni alimkabili mkata tiketi. "Nirudishie hela. Stelingi kafa, picha imekwisha."

"Mzee, yule si stelingi. Stelingi ni yule wa kinanda."

"Yule? Mwenye uso wa kuumwa jino?"

Watu walicheka, hela haikurudi. Tulinunua karanga tukatembea mpaka upande wa Raskazone, na njia nzima alikuwa akinieleza kwamba lazima iko sehemu ya pili, ambamo kipara ana ndugu yake. Masika yalipoanza nilimkuta amesimama barazani chini ya mchirizi wa bati, kofia ya pama kichwani, hasogei. Bibi akamuuliza kama amepata wazimu au homa. Alistahimili kama dakika tatu, akapiga chafya.

Mimi picha ile sikuimaliza hadi miaka ya karibuni, kwenye kompyuta ya binti yangu. Nilikaa nikisubiri pengo. Nilidhani baada ya Strode kufa nitachoka, nitaizima kama mjomba. Sikuizima. Nikamtazama Bronson mpaka mwisho na yule Henry Fonda mwenye macho ya barafu, na nikasahau, kwa saa nzima nilisahau kabisa, kwamba kuna mtu aliyesimama chini ya tangi. Hilo limenikera hata sasa ninapoliandika.

Basi nikaanza kuhesabu. Sergeant Rutledge ya John Ford, 1960: hadithi yote ni ya Strode, askari mweusi wa farasi aliyesingiziwa ubakaji na mauaji, lakini jina la kwanza kwenye orodha ni la Jeffrey Hunter, wakili wake. Mwaka 1968 Mwitaliano Valerio Zurlini alimpa nafasi ya mbele kweli, kiongozi wa Kiafrika aitwaye Lalubi, aliyechorwa kwa mfano wa Patrice Lumumba. Humo pia anauawa, na kwetu sikuwahi kuiona ikibandikwa ukutani. Halafu kuna mwanasesere wa mjukuu wangu, yule kauboi wa Toy Story. Jina lake, Woody, watengenezaji walilichukua kwa Strode. Mwanasesere ndiye stelingi, hafi, ana sehemu ya pili, ya tatu na ya nne. Ila ni mzungu.

Kwa hiyo, mhariri, nilianza kuandika nikiwa na kura moja mfukoni, na sasa naona siwezi kuipiga kwa uaminifu. Swali lenu ni la stelingi. Ugumu wa kwenye picha unahitaji muda wa kuonekana, na Bronson, mtoto wa mchimba makaa wa Pennsylvania, naye alianzia pembeni akingoja, ila yeye hatimaye alipewa muda huo. Andikeni Bronson. Mjomba, Mungu amrehemu, asingenisamehe, na sisemi Strode alishindwa na Bronson. Alipigwa risasi naye, ni jambo jingine. Tena kama wasomaji wengine wameshampa Bronson kura za kutosha, yangu mnaweza kuiacha.

Ila kama ukurasa una nafasi ya picha moja tu, wekeni ya yule wa chini ya tangi, kabla treni haijafika.